SEMEI KAKUNGULU NA MIZANI YA HAKI



Kamati ya Jumuiya imeniomba niandike, kwa ajili ya toleo hili la ukumbusho, maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa sehemu hizi za mpakani ambaye amekwisha kufariki siku nyingi. Niliulizwa kama nitaandika habari za shujaa. Nikajibu kwamba nitaandika habari za mtu aliyepata vingi, akapoteza vingi, na aliyewapotezea wengine vingi. Nadhani huyo atatufaa zaidi sisi tulioko hapa.

Sababu ni hii. Katika kambi hakuna maneno yanayotajwa mara nyingi kuliko haya mawili: kupoteza na haki. Kila mmoja wetu ana orodha yake. Kuna aliyepoteza shamba, aliyepoteza duka, aliyepoteza mume au mtoto. Mimi mwenyewe niliacha darasa langu na sanduku lenye vyeti vya chuo cha ualimu. Na kila siku, penye foleni ya maji, penye mgao wa chakula, penye mkutano wa vitongoji, tunaulizana kama tumetendewa haki. Basi yafaa tumtazame mtu aliyeishi maisha yake yote katikati ya maswali hayo mawili. Jina lake ni Semei Kakungulu, na kaburi lake liko karibu na mji wa Mbale, kaskazini ya Tororo, chini ya Mlima Elgon.

Mgeni na mkimbizi

Kakungulu alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1860 katika Koki, ufalme mdogo uliokuwa kusini magharibi ya Buganda. Hakuzaliwa katika jumba la Kabaka wala hakurithi cheo chochote huko Mengo. Alifika Buganda akiwa kijana, katika miaka ya 1880, na akapata kazi kwa ustadi wake wa bunduki, akiwinda tembo kwa ajili ya Kabaka Mwanga. Wakati huo pembe za ndovu zilikuwa na thamani kubwa, na mwindaji hodari hakukosa kuonekana. Huko huko Buganda akajifunza kusoma, akabatizwa katika dhehebu la Kiprotestanti, akaitwa Semei.

Mwaka 1888 nchi ilivurugika. Mwanga alipinduliwa, na muda mfupi baadaye Wakristo nao walifukuzwa katika mji mkuu na Waislamu waliokuwa na nguvu zaidi. Wakristo wakakimbia kuelekea magharibi mpaka Kabula, katika nchi ya Nkore, ambako mtawala Ntare aliwaruhusu kukaa. Walikuwa wengi, wake kwa waume, wenye njaa, wakiishi katika ardhi ya wenyewe na wakingojea habari za nyumbani. Kakungulu alikuwa mmoja wao. Yaani kabla ya kuwa jemadari alikuwa mkimbizi kama sisi, akila chakula cha nchi ya watu.

Kutoka huko uhamishoni ndiko jina lake lilikokua. Mwaka 1889 Wakristo walirudi kwa vita, Mwanga akarudishwa kitini, na Kakungulu akajulikana kuwa miongoni mwa makamanda wakubwa wa vita vile. Kisha mwaka 1892 Wakristo wenyewe wakapigana, Waprotestanti kwa Wakatoliki, na upande wake ukashinda ukisaidiwa na Waingereza. Yeye akapewa cheo cha Kimbugwe, mlinzi wa kitovu cha Kabaka, ambacho kilikuwa kati ya vyeo vikubwa kabisa vya ufalme.

Lakini juu ya kiti hicho alimkuta Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda. Fahali wawili hawakai zizi moja. Mwaka 1895 Kakungulu alijiuzulu ukimbugwe, akaenda Bugerere, jimbo la mpakani lililo kati ya mto Nile na ziwa Kyoga. Hapo ndipo alipopoteza kwa mara ya kwanza jambo alilolitamani sana, yaani nafasi ya mbele katika Buganda. Na kama wengi wanavyofanya wakipungukiwa mahali, akaanza kutazama mahali pengine pa kujaziwa.

Mtumishi aliyemkamata bwana wake

Mwaka 1899 ulileta jambo ambalo hata leo ni zito kulisimulia. Mwanga alikuwa amewaasi Waingereza, akakimbia, na hatimaye akajiunga na Kabalega, mfalme wa Bunyoro aliyekuwa akipigana nao kwa miaka mingi. Kakungulu na watu wake walitumwa pamoja na majeshi ya serikali kuwasaka. Tarehe 9 Aprili 1899 wafalme hao wawili walikamatwa katika nchi ya Lango. Wakapelekwa uhamishoni Shelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, lakini akafariki Jinja akiwa njiani, bila kuiona tena Bunyoro.

Mwanga ndiye yule yule aliyempokea Kakungulu alipokuwa kijana mgeni, na ndiye aliyerudishwa kitini kwa jasho la Kakungulu na wenzake. Sasa mtumishi akashiriki kumkamata bwana wake kwa niaba ya mabwana wapya. Siandiki haya ili nimhukumu. Mwanga naye aliwatendea watu mambo mabaya, na siasa za wakati ule zilikuwa na kona nyingi. Naandika ili tuone kwamba Kakungulu alifanya hesabu: akitumikia serikali mpya kwa uaminifu, serikali itamlipa. Na malipo aliyoyataka yalikuwa ufalme wake mwenyewe.

Kuingia Bukedi

Ufalme huo aliutafuta mashariki ya mto Nile na ziwa Kyoga, katika nchi ambayo Waganda waliiita Bukedi. Jina lenyewe lilikuwa la dharau. Maana yake ilikuwa nchi ya watu walio uchi. Wenyeji hawakujiita hivyo. Walikuwa Wateso, Wagwere, Wanyole, Wapadhola, Wagisu, Wasamia na wengine, kila watu na wazee wao, na lugha yao, na desturi zao za kugawana ardhi na kusuluhisha ugomvi. Wengi hawakuwa na mfalme wala hawakumhitaji.

Kakungulu alivuka akiwa na wafuasi wengi wenye bunduki. Alijenga boma Bululu kando ya ziwa Kyoga, akaendelea kusini na mashariki akijenga boma moja baada ya jingine, mpaka akafanya makao yake Budaka mwaka 1901. Kila alipopita aliweka maajenti wa Kiganda. Nchi ikagawanywa kwa mtindo wa Buganda, saza juu, gombolola chini yake, na muluka chini zaidi. Maajenti hao wakafika hata Bunyole na Budama, nchi ambazo leo ziko katika wilaya za Butaleja na Tororo.

Lazima tuseme mema yake. Alikuwa mjenzi. Barabara zake zilikuwa pana na zimenyooka, na kandoni mwake ilipandwa mivule, ambayo wasafiri wa Teso na Mbale walikuja kupumzika chini ya kivuli chake kwa miaka mingi. Alipanda migomba mahali ambapo haikuwapo. Mji wa Mbale ni kazi ya mikono yake, maana alipofika hapo palikuwa pori tu.

Lakini yafaa pia tuulize, mikono ya nani ilichimba barabara zile? Ilikuwa mikono ya wenyeji, waliolazimishwa. Ng'ombe waliolisha mabomani walitoka katika mazizi ya nani? Ya wenyeji hao hao. Askari wengi wa Kakungulu hawakuwa na mshahara wa serikali, basi walikula kutoka katika nchi. Waliopinga walipigwa risasi na vijiji vyao vikachomwa. Mzee wa ukoo aliyekuwa akigawa ardhi kwa haki tangu babu zake, alijikuta akipokea amri kutoka kwa kijana asiyejua lugha yake.

Na jambo hili halikuwa la upande mmoja wa mpaka tu. Ng'ambo ya pili, upande ambao sasa ni Kenya, Waingereza walimtumia Nabongo Mumia wa Wanga kwa namna inayofanana. Mwaka 1909 walimfanya chifu mkuu, na ndugu zake, kama Murunga, wakatumwa kuwa machifu juu ya watu wasiokuwa Wawanga. Malalamiko yaliyosikika Budaka yalisikika Kimilili vilevile. Mtu wa kabila moja alipewa bunduki na barua ya serikali, akaambiwa atawale kabila jingine, na mwenye serikali akakaa mbali na lawama.

Ahadi isiyoandikwa

Kiongozi wa serikali ya Uganda wakati huo alikuwa Sir Harry Johnston, Kamishna Maalumu, yule aliyefanya Mapatano ya 1900 na Buganda. Kakungulu alizungumza naye habari za Bukedi. Alitoka katika mazungumzo hayo akiamini kwamba ameahidiwa kuwa Kabaka wa Bukedi, sawa na Kabaka wa Buganda. Wafuasi wake wakaanza kumheshimu kama mfalme. Serikali, kwa upande wake, haikukubali kamwe kwamba ilitoa ahadi kama hiyo.

Hapa ningependa ndugu zetu wa mashirika wasome polepole. Mkubwa anaposema neno mbele ya mtu mwenye shida, neno hilo halibaki kuwa mazungumzo tu. Msikilizaji hulibeba nyumbani, hulala nalo, huwaeleza wake na watoto, hujenga juu yake. Afisa husahau kesho yake kwa sababu ana mafaili mengine, lakini aliyeambiwa hasahau. Kakungulu alibeba neno moja la Johnston kwa miaka zaidi ya 25. Katika kambi pia tunabeba maneno: kwamba shule itaezekwa mwezi ujao, kwamba majina ya safari yatatoka karibuni, kwamba kadi zilizokosewa zitarekebishwa. Kama jambo halina hakika, ni heri kusema wazi kwamba halina hakika.

Mwaka 1902 ulikuwa mwaka wa anguko. Malalamiko ya wizi wa ng'ombe na ukatili yalikuwa yamejaa mezani kwa Waingereza, na wao wenyewe walianza kuona kwamba mtu huyu anakuwa mkubwa kupita kiasi. Wakamwondoa Budaka na kuichukua boma. Yeye alipewa ardhi ya maili 20 za mraba sehemu za Mbale akaanze upya. Watu wake wengi wakamfuata.

Katika mwaka huo huo wa 1902 jambo jingine lilifanyika mbali na macho ya wenyeji. Serikali ya Uingereza iliamua kwamba Jimbo la Mashariki la Uganda lihamishiwe katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Kabla ya hapo mpaka wa Uganda ulikuwa mbali mashariki, karibu na Naivasha. Sasa ukasogezwa mpaka sehemu hizi. Mateso wakajikuta wako pande mbili, na Wasamia vivyo hivyo. Hakuna mzee wa Busia wala wa Malaba aliyeulizwa. Mpaka ambao baadaye umetuokoa wengi wetu ndio uliowatenga wengine na shangazi zao.

Mpaka huu tunaujua. Katika miaka ya 1970 Waganda waliukimbilia kuelekea mashariki, wakiogopa utawala wa Idi Amin. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, Wakenya kwa maelfu waliuvuka kuelekea magharibi, wakapokelewa Mulanda katika wilaya ya Tororo, na baadhi yao wakahamishiwa baadaye Kiryandongo. Aliyekuwa mwenyeji jana, kesho ni mgeni. Kwa sababu hiyo desturi ya kumtendea mgeni haki, na ya mgeni kumtendea mwenyeji haki, ni akiba ya watu wote.

Mbale, Jinja, na Mbale tena

Kakungulu hakukaa akilia. Aliijenga Mbale ikawa mji wa bustani na soko, wafanyabiashara wakamiminika. Mwaka 1904 serikali ikamrudishia cheo, akawa chifu wa saza. Lakini mji ulipostawi, hofu ya Waingereza ikarudi. Mwaka 1906 walimhamishia Jinja awe mkuu wa Lukiko ya Busoga. Kwa jina ilikuwa heshima. Kwa kweli alikuwa ametenganishwa na ardhi yake na watu wake, na machifu wa Busoga hawakufurahi kuwekewa mgeni juu yao. Alikaa huko mpaka 1913, kisha akarudi Mbale kuwa chifu wa saza tu, cheo ambacho kwake kilikuwa kidogo. Mwaka 1923 alistaafu.

Katika miaka hiyo yote aliendelea kudai. Alidai ardhi, alidai cheo, alidai neno la Johnston. Nami nasema alikuwa na haki ya kudai. Serikali ilimtumia kama mtu anavyotumia panga la kukodi, ikafyeka msitu, kisha ikalilaumu panga kwa damu iliyokuwa juu yake. Hiyo haikuwa haki. Yeyote anayesema Kakungulu alionewa na Waingereza, anasema kweli.

Lakini katika madai hayo yote ufalme aliouhesabu ni ule alionyimwa. Nchi alizowanyima Wagwere na Wanyole, ng'ombe wa Wateso, vijana waliokufa wakilinda nyumba zao, hayo hayakuingia katika hesabu yake. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa binadamu mchungu. Alijua kwa usahihi mkubwa kila maili ya ardhi iliyopungua kwake, naye aliyapata maili hayo kwa kuwapunguzia wengine.

Dini, dawa na ng'ombe

Alipoona milango ya cheo imefungwa, aligeukia Maandiko. Hadi karibu mwaka 1913 alikuwa Mprotestanti. Kisha akajiunga na dhehebu la Wamalaki, lililofuata mafundisho ya Malaki Musajjakawa. Watu hawa walifundisha kwamba Mungu peke yake ndiye mponyaji, wakakataa madaktari na dawa, wakakataa chanjo za watu na hata za ng'ombe. Waliheshimu siku ya Sabato. Wengi waliokuwa wamechoka na amri za serikali na za misheni waliingia humo.

Hapa kuna swali gumu la haki ambalo sisi wa kambi tunalifahamu. Mtu ana haki ya kufuata dhamiri yake. Lakini ng'ombe wangu asiyechanjwa akiugua ugonjwa wa kuambukiza, hauishii kwangu ugonjwa huo, unavuka ua na kuingia zizi la jirani ambaye hakuulizwa dini yake. Katika kambi ambamo nyumba zimepakana ukuta kwa ukuta, kipindupindu na surua havichagui dhehebu. Imani ni ya mtu, ila hasara yaweza kuwa ya kijiji kizima. Serikali ya wakati ule ilitumia nguvu zaidi kuliko maelezo, na Wamalaki walitumia ukaidi zaidi kuliko huruma kwa jirani. Wote wawili walikuwa na la kujifunza.

Kakungulu aliendelea kusoma vitabu vya Musa, akafikia hatua ambayo Wamalaki hawakuikubali. Mwaka 1919 alitahiriwa, akawatahiri na wanawe, akajitenga na kuanzisha jumuiya iliyofuata sheria za Agano la Kale. Wafuasi wake wakaitwa Abayudaya, yaani Wayahudi. Mwaka 1922 alitoa kitabu kwa Luganda chenye kanuni na sala kwa ajili yao. Mwaka 1926 mfanyabiashara mmoja Myahudi alifika, akakaa nao kwa miezi kadhaa akiwafundisha kalenda, vyakula na ibada. Tarehe 24 Novemba 1928 Kakungulu akafariki, akazikwa karibu na Mbale. Hakuwa Kabaka wa mahali popote.

Yaliyobaki nyuma yake

Tuangalie sasa yaliyobaki, maana hapo ndipo mizani inapopima vizuri.

Katika utawala, serikali iliwaondoa maajenti wa Kiganda kidogo kidogo na kuweka machifu wenyeji, lakini mtindo ulibaki. Chifu alitazama juu kwa mkubwa wake, hakutazama chini kwa watu. Januari 1960 wananchi wa wilaya ya Bukedi, iliyokuwa imejumlisha sehemu za Tororo, Busia, Butaleja, Budaka na Pallisa za leo, waliasi kwa sababu ya kodi. Walilalamika kwamba machifu wanawakadiria kodi kwa upendeleo na uonevu. Nyumba za machifu zilichomwa na watu waliuawa. Wakati huo Kakungulu alikuwa ameshakufa zaidi ya miaka 30. Mti uliopandwa kwa nguvu ulikuwa ungali unazaa.

Katika imani, mambo yalikwenda tofauti. Baada ya kifo chake Abayudaya walipungua, kwani wengi walihamia Ukristo au Uislamu. Wakati wa Idi Amin, kati ya 1971 na 1979, ibada yao ilipigwa marufuku, na waliobaki waliabudu kwa siri. Wakawa mia chache tu. Hata hivyo hawakwisha. Baada ya 1979 vijana wao walianza kuifufua jumuiya, na sinagogi lao likasimama tena kwenye kilima cha Nabugoye nje ya Mbale. Mwaka 2016 rabi wao, Gershom Sizomu, alichaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini, akawakilisha watu ambao wengi wao si Wayahudi.

Na mwaka 2004 wakulima wa kahawa wa sehemu hizo za Mbale, Wayahudi, Wakristo na Waislamu, waliunda chama cha ushirika kiitwacho Mirembe Kawomera, jina la Luganda lenye maana ya amani tamu. Uongozi wake ulichukuliwa kutoka dini zote tatu. Waliuza kahawa yao pamoja ili wapate bei ya haki. Fikirini, ndugu zangu. Babu zao wengine walikuwa upande wa bunduki za Kakungulu, na wengine upande uliopigwa na bunduki hizo. Sasa magunia yao yalipita juu ya mizani moja, kilo ya huyu sawa na kilo ya yule.

Hivyo alichokichukua Kakungulu kwa nguvu kilichukuliwa tena kwake kwa nguvu, na kilichobaki cha kuungwa mkono kwa hiari ni kile alichowapa watu nao wakakipokea kwa hiari, pamoja na kivuli cha mivule.

Mizani yetu

Nimalizie kwa kurudi kwetu. Kupoteza hakumfanyi mtu kuwa mwadilifu. Tungependa iwe hivyo, maana sisi tuliopoteza tungekuwa waadilifu kuliko wote. Lakini Kakungulu alikuwa mkimbizi Kabula mwaka 1888, na miaka 12 hivi baadaye alikuwa akiwafukuza watu wengine katika mashamba yao. Alijua ladha ya uhamisho, lakini haikumzuia.

Kwa hiyo tusijidanganye kwamba machungu yetu ni cheti cha tabia njema. Tunadai mashamba yetu tuliyonyang'anywa, na ni haki yetu kudai. Je, kuni tunazokata upande wa wenyeji tunazihesabu? Mbuzi wetu wakiingia katika mihogo ya jirani, tunalipa? Tunalalamika kwamba mgao unapimwa vibaya. Je, kiongozi wa kitongoji akiandikisha jina la ndugu yake asiyekuwepo, tunasema, au tunanyamaza kwa kuwa ni mtu wa kwetu? Wanakamati tunapochagua vijana wa kufanya kazi ya siku moja kwa malipo, tunatazama lugha ya mtu au mikono yake? Na mjane asiye na mtu wa kumsemea anapata zamu yake bombani?

Kwa ndugu zetu wa mashirika nasema hivi kwa heshima. Mkimchagua mtu mmoja mwenye kujua lugha yenu awe mdomo na mkono wenu, mkampa madaraka bila kumtazama, msije mkashangaa siku malalamiko yakijaa mezani. Waingereza walifanya hivyo Bukedi, na lawama yote wakamwachia Kakungulu. Wenye mamlaka wana sehemu yao katika hesabu.

Darasani nawafundisha watoto hesabu za mizani. Upande wa kushoto ukiweka kilo mbili, kulia nako lazima uweke kilo mbili ndipo mkono utulie. Watoto wanaelewa upesi. Kwetu watu wazima kazi ni kutumia jiwe lile lile la kupimia kwa kile tulichonyang'anywa na kwa kile tunachokichukua.

Mungu atujalie kurudi nyumbani tukiwa na mikono isiyodaiwa na mtu.